Kababu za kuku, tambi, na jioni ambazo sipo nyumbani

Zamu yangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee huanza saa tisa alasiri na kwisha saa tano usiku. Natoka nyumbani saa nane na robo. Wanangu wawili wanashuka basi la shule saa kumi kasorobo, na baba yao anaingia saa kumi na moja na nusu akitokea ghalani anakofanya kazi. Kwa hiyo jioni nne kila wiki chakula cha usiku kinaliwa nyumbani kwangu nami sipo. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka wa saba huu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mama hakupakua mpaka kila mtu awe amekaa mkekani, na sufuria ilikuwa mbele yake. Yeye ndiye aliyejua nani ameongezwa na nani bado. Hapa, miaka miwili ya kwanza, wanangu walikula mkate na siagi ya karanga, piza ya kwenye friza, au wali wa juzi uliopashwa moto. Hawakulalamika hata siku moja. Nilikuwa nawapigia simu wakati wa mapumziko, nauliza, "Mmekula nini?" na mkubwa ananijibu kwa furaha kabisa, "Mkate, mama." Nikikata simu nakwenda kumlisha mzee supu ya moto kwa kijiko, taratibu, mpaka amalize. Kumlisha mzazi wa mwenzangu supu ya moto huku wanangu wanakula mkate mkavu kulinikaa kifuani muda mrefu.

Kilichonitoa hapo ni chungu cha kupikia polepole kwa umeme. Nilikinunua kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika, dola nane, mfuniko wa kioo mzima, waya mzima. Kinachukua karibu lita sita. Ndani kuna bakuli zito la udongo uliochomwa na kung'arishwa, nje kuna ganda lenye nyaya za kupasha joto pembeni. Wamarekani wengi hukiita Crock-Pot, jina la biashara lililogeuka kuwa jina la kitu, na nusu ya kwanza ya jina hilo maana yake ni chungu tu. Basi nyumbani kwetu kikawa chungu cha umeme. Kina vitufe vitatu: moto mdogo, moto mkubwa, na kutunza joto. Hakuna zaidi.

Nilipokuja kusoma kilikotoka nilikipenda zaidi. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, Myahudi ambaye mama yake alimsimulia jinsi bibi yao kule Lithuania alivyokuwa akipeleka chungu cha maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijatua, kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki, ili siku ya Sabato watu wale chakula cha moto bila kuwasha moto. Naxon alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1940. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ikainunua kampuni yake, na 1971 chungu kikaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot, wakati ambapo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakitoka kwenda kazini na kurudi jioni. Nilisoma hayo nikamkumbuka bibi yangu na bokoboko lake la Idi. Ngano na nyama chunguni, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, majivu kidogo ya kuuzima ukali wa moto, kisha watu wakalale. Alfajiri lilikuwa tayari kwa mwiko. Kupalia makaa na chungu cha umeme ni akili moja: joto dogo, mfuniko mzito, na muda mrefu ambao mpishi hayupo.

Kwa hiyo niliingia nikijiamini. Nami nilijua kababu tangu utotoni.

Mara ya kwanza nilinunua kima ya kuku ya kwenye pakiti, ratili mbili, ambazo ni kama gramu 900. Nikatia kitunguu, thomu, kotmiri, chumvi, nikafinyanga kama ninavyofinyanga za ng'ombe, nikazitumbukiza mbichi kwenye nyanya za kopo, nikamimina tambi kavu juu yake na vikombe vitatu vya maji, nikafunika, nikabonyeza moto mdogo, nikaenda kazini. Hiyo ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni mume wangu alinitumia picha. Hapakuwa na kababu. Palikuwa na uji mwekundu wenye chembechembe nyeupe, na tambi zimekuwa gundi. Alikuwa ameandika chini ya picha: "Tumekula. Wamekula wote." Najua alivyowabembeleza.

Makosa yalikuwa matatu katika sufuria moja, na imenichukua karibu mwaka mzima kuyatenganisha.

La kwanza ni kima yenyewe. Kuku si ng'ombe. Kima ya ng'ombe ina mafuta yanayoganda na kushika umbo. Ya kuku ina maji mengi, inanata mikononi, na ikiwa ni ya kidari kitupu haina mafuta ya kuiokoa ikikaa motoni muda mrefu. Siku hizi naichukua kwenye duka la nyama halali huku kaskazini mwa mji, namwomba muuzaji anisagie mapaja bila ngozi. Nyama ya paja ina mafuta yake ya ndani na hustahimili saa tano za moto mdogo, wakati kidari kinakauka na kuwa kama ubao uliotiwa mchuzi.

Halafu kuna mkate. Kwetu chenga za mkate huwekwa ndani ya kababu ili kuongeza wingi, au ndivyo nilivyodhani kila siku. Kazi yake kubwa ni nyingine. Nachukua kikombe kimoja cha chenga, nazimiminia nusu kikombe cha maziwa, naziacha dakika kumi mpaka ziwe ujiuji mzito, ndipo nachanganya na kima. Ule ujiuji hushika unyevu na kukaa katikati ya nyama, isije ikajikaza ikawa ngumu. Tangu nianze kuloweka kwanza, kababu zangu hukatika kwa ukingo wa kijiko. Yai moja. Kitunguu maji kimoja nakikuna, kisha nakikamua kwenye kitambaa mpaka maji yake yote yatoke, maana maji ya kitunguu ndiyo yaliyokuwa yakinivunjia kababu bila mimi kujua. Thomu punje nne, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, pilipili manga, bizari nyembamba ya kukaanga na kusaga, kotmiri mkono mmoja. Nachanganya kwa vidole, haraka, naacha mara tu vitu vinaposhikana. Ukikanda kima kama unga wa chapati inakaza.

Mchanganyiko huo nauweka kwenye friji nusu saa. Ukipoa, haunati sana. Kisha napaka viganja mafuta na kufinyanga ukubwa wa ndimu ndogo, zinatoka kama thelathini. Hapa ndipo penye hatua ambayo niliikwepa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa nilitaka kazi iwe ya sufuria moja: nazipanga kwenye trei, nazitia ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 220 za Selsiasi, ambazo kwenye oveni za hapa ni 425 za Farenhaiti, kwa dakika kumi na mbili. Zinatoka zimeshika rangi na ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia zisimung'unyuke mchuzini. Ndani bado hazijaiva, kwa hiyo hazingoji. Zikitoka kwenye oveni zinaingia kwenye mchuzi wa moto papo hapo. Kuku aliyeiva nusu hawekwi pembeni eti nitammalizia baadaye.

Na hilo linanipeleka kwenye siku iliyoniuma kuliko ya uji.

Ilikuwa Januari, theluji imeanguka tangu usiku, shule zimefungwa, watoto wote nyumbani. Nilikuwa na mfuko wa kababu mbichi nilizofinyanga wiki mbili nyuma na kuzigandisha. Muda ulikuwa mchache kwa sababu nilitaka kuondoka mapema, barabara mbaya. Nikazitia kababu chunguni zikiwa mawe, nikazimwagia nyanya zilizotoka kabatini, baridi, nikaweka moto mdogo. Saa kumi na moja na nusu mume wangu akanipigia. "Mama nanihii, mbona hiki chungu ni vuguvugu tu? Nimekata moja, katikati ina barafu."

Saa tatu na nusu zilikuwa zimepita. Nilisimama kwenye ukumbi wa wazee simu mkononi nikijua jibu ila sitaki kulisema. Chungu cha namna hii hupasha polepole. Ukikitia kitu kilichoganda, nyama inakaa masaa mengi kwenye lile joto la katikati, baina ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, ambamo bakteria huzaana haraka, na kuku ni wa kuogopwa kwa salmonela. Nikamwambia amwage yote. Gramu 900 za nyama, kopo mbili za nyanya. Mimi nimekulia nyumba ambayo punje ya wali ikianguka mkekani inaokotwa. Usiku ule niliporudi nikakuta chungu kimeoshwa na kupinduliwa juu ya taulo, na sikuweza kukitazama.

Kesho yake nilimweleza mwenzangu anayefanya kazi jikoni pale kazini. Yule dada hupima joto la kila sufuria kabla chakula hakijapelekwa kwa wazee, na huandika kwenye karatasi. Akanionyesha kipimajoto chake chembamba chenye sindano, akanifundisha kukichoma katikati kabisa ya nyama, si pembeni. Kuku wa namna yoyote, mzima au wa kusaga, ni nyuzi 74 za Selsiasi, 165 za Farenhaiti, ndipo kaiva. Nilinunua changu kwa dola kumi na mbili siku hiyohiyo. Kwetu tulipima kuku kwa macho na kwa kuvuta paja, na kuku wetu wa kienyeji alikuwa akichemka saa mbili nzima, hakukuwa na la kupima. Lakini kababu iliyofunikwa na mchuzi mwekundu haikuonyeshi kitu. Rangi ya nyanya huingia ndani ikakudanganya, mbichi ikaonekana imeiva na iliyoiva ikaonekana mbichi. Namwambia kila mama ninayemjua hapa: kabla hujanunua chungu cha pili, nunua kipimajoto.

Toka siku hiyo kababu za friza nazihamishia kwenye friji jana yake usiku, na mchuzi huingia chunguni ukiwa unachemka.

Mchuzi nao ulinifundisha. Nilikuwa natupa vitunguu vibichi ndani ya chungu nikitumaini saa tano zitatosha kuvifanya vitamu. Havikuwa vitamu. Vilikuwa laini, vyeupe, na mchuzi mzima ukanuka kitunguu kilichochemshwa. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba mchuzi huanza na kitunguu kukaangwa mpaka kibadilike rangi, ila nilikuwa nimeaminishwa kuwa chungu hiki kinasamehe yote. Hakisamehi. Ndani yake joto halipandi kupita la maji yanayochemka, na kwa joto hilo kitu hakiwezi kukaangika wala kushika rangi hata kikikaa siku nzima. Kwa hiyo nakaanga kitunguu kwenye kikaango, mafuta ya zeituni vijiko vitatu, mpaka kiwe rangi ya kahawia hafifu. Natia thomu, nyanya ya kopo ile nzito vijiko vitatu vikubwa, naikaanga nayo mpaka iwe nyekundu ya giza na mafuta yajitenge. Ndipo namimina kopo mbili kubwa za nyanya zilizopondwa, zile za gramu 794. Chumvi. Sukari nusu kijiko kidogo kama nyanya ni kali. Jani la mrehani nikiwa nalo.

Maji sitii hata tone. Mfuniko wa chungu hiki hurudisha mvuke wote ndani, mchuzi haupungui kama ule wa jikoni wenye sufuria wazi, na kababu zenyewe zinatoa maji yake. Ukiona mchuzi ni mzito mno saa sita na nusu mchana, saa kumi na mbili jioni utakuwa sawasawa.

Nikisema saa sita na nusu, ndiyo saa yangu. Moto mdogo kuanzia saa sita na nusu mchana hadi kumi na moja na nusu: saa tano. Nilishawahi kuanza saa mbili asubuhi ili niende zangu sokoni, na kufika jioni kababu zilikuwa zimekauka hata ndani ya mchuzi. Mapishi mengi utayaona yanasema upike kwa masaa nane mpaka kumi. Hayo ni ya nyama ngumu, mguu wa ng'ombe, kongoro, mbuzi mwenye mifupa. Vitonge vidogo vya kuku havihitaji hayo. Saa nne hadi tano kwa moto mdogo, au mbili na nusu hadi tatu kwa moto mkubwa.

Mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, alikuwa na tabia ya kufunua kila akipita jikoni. Anavuta kiti, anapanda, anafunua, ananusa, anafunika. Baba yake hakuona tatizo. Nikashangaa kwa nini siku nyingine chakula kinachelewa na nyingine hakichelewi, mpaka siku moja ya mapumziko nikamwona mwenyewe. Kila ukifunua, joto lote lililokusanyika chini ya kioo linaondoka, na chungu hakina nguvu ya kulirudisha upesi. Hesabu dakika kumi na tano hadi ishirini kila mara. Sikumgombeza. Nilimwambia kioo kimewekwa ili atazame bila kufungua, na sasa anapanda kiti, anaweka mikono nyuma, anatazama povu likipanda na kushuka pembeni. Anasema kababu zinapumua.

Tambi zilikuwa mtihani wa mwisho, na katika hilo mwalimu wangu alikuwa jirani wa ghorofa ya chini.

Ni mama wa makamo kutoka Barawa, kwenye pwani ya kusini mwa Somalia. Columbus ina Wasomali wengi sana, na miongoni mwao wamo watu wa Barawa ambao lugha yao ya nyumbani, Chimwini, ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Vita vilipoanza mwaka 1991 alikimbilia Mombasa, akaishi kambini miaka kadhaa kabla ya kuletwa Marekani, kwa hiyo huzungumza nami kwa Kiswahili cha Mombasa. Mimi namwita Mamkubwa. Tambi kwake si chakula cha kigeni. Waitaliano waliitawala pwani ile mpaka Waingereza walipowaondoa mwaka 1941, kisha wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa toka 1950 hadi uhuru wa 1960, wakaondoka wakaacha tambi. Wasomali huziita baasto, wanazila na mchuzi wa nyama wenye viungo, na ndizi mbivu pembeni. Nilipoona ndizi mara ya kwanza nilidhani ni ya baadaye, ya kumalizia. Akanimenyea, akanikatia, akaniambia nile pamoja. Utamu wa ndizi na ukali wa nyanya. Wanangu hawali tena tambi bila ndizi.

Nilimsimulia jinsi tambi zangu zinavyogeuka gundi. Akauliza nazitia lini. Nikamwambia mchana, pamoja na vyote. Alinitazama kwa huruma kabisa.

"La, mwanangu. Baasto haingoji mtu. Mtu ndiye huingoja."

Alisema tambi zikishanyonya maji zimeiva, na kila dakika baada ya hapo zinaharibika. Huwezi kuzilaza kwenye maji moto saa tano kama maharage. Mchuzi ungoje, nyama ingoje, tambi ziwe za mwisho, watu wakiwa wameshakaa. Na kujua kuwa zimeiva hakutaki saa. "Utafune moja. Ikiwa katikati yangali yakataa jino kidogo, ndiyo hiyo, uteremshe."

Yeye ndiye pia aliyenipa xawaash yake, ule mchanganyiko wa viungo wa Kisomali: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini, manjano. Kijiko kimoja kidogo ndani ya kitunguu kinachokaangwa, na mchuzi wa nyanya za kopo unaanza kunukia kama nyumbani. Nimejaribu pia viungo vya Kiitaliano vya kwenye chupa, majani makavu, na si vibaya. Lakini mume wangu akila ile ya xawaash huwa haongei.

Huku Marekani tambi na vitonge vya nyama vinahesabiwa kuwa chakula cha Kiitaliano, na watoto wangu shuleni ndivyo wanavyovijua. Kwa kweli ni chakula cha wahamiaji. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano karibu milioni nne waliingia nchi hii, wengi wao maskini wa kusini, na wakakuta nyama ambayo kwao ilikuwa ya sikukuu hapa inanunulika. Huko Italia sehemu nyingi vitonge vya nyama huliwa peke yake na tambi peke yake, japo mkoa wa Abruzzo una desturi ya kuvitia vidogo vidogo juu ya tambi. Waliohamia wakafanya vitonge vikubwa, wakaviweka juu ya tambi, wakamimina nyanya za kopo. Naielewa jikoni ya namna hiyo. Unakuwa na kumbukumbu ya kwenu, na kabati lina vitu vya huku, na watoto wana njaa.

Lilibaki swali moja. Kama tambi lazima ziwe za mwisho, na mimi saa hiyo ninageuza wagonjwa kitandani maili kumi na moja kutoka nyumbani, nani atazipika?

Kuna njia ya kuzimalizia humohumo chunguni, nami naitumia siku ambazo niko nyumbani. Kababu zikishaiva, unapandisha moto mkubwa, unatia vikombe viwili vya supu ya kuku iliyochemka, halafu tambi fupi, penne au makaroni madogo, kama gramu 300, unazizamisha zote chini ya mchuzi, unafunika. Unakoroga mara moja katikati. Dakika ishirini na tano hadi thelathini. Zinatoka nzuri, zimekunywa mchuzi, na chombo cha kuosha ni kimoja. Ila zinataka mtu wa kuzisimamia, kwa sababu dakika kumi zikizidi umerudi kwenye gundi. Spageti ndefu haifai hapo, inashikamana.

Kwa siku za kazi nikamkabidhi kifungua mimba wangu. Ana miaka kumi na tatu. Nilisita, maana maji yanayochemka ni maji yanayochemka, na kwetu mtoto wa kiume hakutumwa sana jikoni. Jumapili mbili nilisimama naye. Sufuria kubwa jiko la nyuma, si la mbele, mkono wa sufuria umegeuzwa ndani. Maji lita nne, chumvi vijiko viwili vikubwa yakishachemka. Tambi gramu 450, ile pakiti nzima, koroga dakika mbili za mwanzo zisigandane. Usiondoke. Mdogo wako asikaribie. Kabla ya kuchuja chota kikombe kimoja cha maji ya tambi, kiweke kando, yana wanga wa kuufanya mchuzi ushike tambi badala ya kuteleza. Chuja ukiwa umesimama mbali na mvuke. Kisha kipimajoto kwenye kababu mbili tofauti, ya katikati ya chungu na ya pembeni, kabla mtu hajala. Hilo la kipimajoto alilipenda kuliko yote. Alianza kuandika namba kwenye daftari bila kuambiwa: tarehe, saa, 81, 79.

Nimeona jambo kwa mwanangu yule ambalo sikulipanga. Mwaka aliotimiza kumi na mbili alikuwa ameanza kunyamaza, anarudi shule anaingia chumbani, mlango. Sasa saa kumi na moja yuko jikoni, mdogo wake kwenye kiti anatazama kababu zikipumua, na wanaongea. Mume wangu ananiambia wanaongea Kiswahili, kwa sababu maneno ya jikoni niliwafundisha kwa Kiswahili: mwiko, chujio, palia, epua, onja. Mkubwa anamwambia mdogo, "Usifunue," kwa sauti yangu.

Nikirudi saa tano na nusu usiku huwa nakuta bakuli langu limefunikwa kwa sahani, kababu nne na mchuzi, tambi mbali ili zisilowe. Kilichobaki chunguni wanakihamishia kwenye vyombo vifupi na kukitia kwenye friji wao wenyewe, hawakiachi kipoe ndani ya ule udongo, maana unashika joto masaa mengi na chakula kinakaa vuguvugu. Siku ya pili kababu zilizobaki zinapashwa kwenye sufuria ya kawaida, si chunguni, kwa sababu ileile ya upole wake. Zinaingia ndani ya mkate na jibini kidogo, mdogo anabeba shuleni.

Wiki iliyopita kazini kulikuwa na pilikapilika, mzee mmoja alianguka, nikakosa mapumziko yangu ya saa kumi na moja. Nilipotoa simu mfukoni hatimaye nikakuta ujumbe wa kijana wangu una dakika moja tangu utumwe.

"Mama, zimefika dakika tisa. Pakiti inasema kumi. Nichuje?"

Nilikuwa nimesimama koridoni na glavu mkono mmoja. Nikamwandikia kwa kidole gumba: "Tafuna moja."

Vidoti vitatu vikatokea, vikapotea, vikatokea tena.

"Inakataa jino kidogo," akaandika. "Nachuja."